Wewe ni wa wapi? Maswali matatu ya familia za mpakani Busia na Malaba

Kuna swali moja ambalo ukiulizwa Busia, usikimbilie kulijibu. Ni lile la "wewe ni wa wapi?" Nairobi hilo ni swali la kupitisha muda ndani ya matatu. Unasema Umoja ama Githurai na maisha yanaendelea. Busia na Malaba swali hilo lina mitego, na mtego wenyewe unategemea anayeuliza ni nani.

Akikuuliza nyanya ya manzi wako, anatafuta ukoo. Akikuuliza chifu, anatafuta kujua kama wewe ni Mkenya kweli. Na ukiulizwa matangani, jeneza la mzee wako likiwa hapo mbele, basi ujue kuna watu wanapima kama una haki ya kusimama hapo.

Kama una mzazi, mpenzi ama hata beste kutoka upande huo, kaa hapa kidogo. Maswali haya matatu huvunja uchumba, huwaacha vijana wakizungushwa miezi kwa sababu ya kitambulisho, na huwafanya watoto wa baba mmoja waonane mara ya kwanza kando ya kaburi. Mengi ya hayo yanaweza kuzuiwa, lakini tu kama mtu alijua mapema.

Watu walikuwepo, mstari ukaja

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi 1902, sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, Kisumu ikiwemo, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakauhamisha mkoa huo na kuuweka chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mtu alilala Uganda akaamka upande mwingine bila kutoka kitandani.

Mpaka wakaupitisha mitoni: mto Sio, mto Malaba, halafu Lwakhakha ukipanda kuelekea Mlima Elgon. Kwenye ramani inapendeza. Lakini kwa mtu anayeishi hapo, mto ni mahali pa kuteka maji, kufua na kunywesha ng'ombe. Watu wa ng'ambo ya mto ni majirani, na mara nyingi ni mashemeji.

Ndiyo maana hadi leo Wasamia wako pande zote mbili. Waiteso pia: huku kwetu wako Amagoro, Malaba na Amukura, na ng'ambo wako Tororo na kuendelea ndani ya Uganda. Ukisalimia "mulembe" Funyula utaitikiwa, na ukivuka ukasalimia vivyo hivyo kwa Wasamia wa Busia ya Uganda, utaitikiwa pia. Ukisema "yoga" kwa mzee wa Kiteso, hatakuuliza pasipoti. Omena ya huku ndiyo mukene ya kule. Mia moja yako ya Kenya inakupa elfu mbili na kitu za Uganda, kisha inarudi jioni ikiwa imenunua vitu ambavyo huku ungeviangalia tu.

Hata neno boda boda, unalolitumia kila siku kutoka Mombasa hadi Kigali, linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa. Wasee wa baiskeli walikuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja kwa kutaja mpaka: boda, boda! Mpaka ukageuka kuwa kazi.

Sasa hebu niambie, familia moja inaweza kutoa makamu wa rais wa nchi moja na mgombea urais wa nchi jirani? Wasamia watakuambia ndiyo, ishatokea. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka 20, na kuanzia Septemba 2003 hadi mwanzo wa 2008 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ndugu yake, Aggrey Awori, aliruka viunzi kwenye Olimpiki za 1960 na 1964 akiiwakilisha Uganda. Akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini upande ule, akawania urais wa Uganda mwaka 2001 dhidi ya Yoweri Museveni, kisha Museveni huyohuyo akamfanya waziri mwaka 2009. Alifariki 2021. Baba yao alikuwa kasisi wa Kianglikana, Kanoni Jeremiah Awori. Baba mmoja, serikali mbili.

Hao ni wakubwa, na mambo yao yaliandikwa magazetini. Lakini nyumba za aina hiyo ziko nyingi, isipokuwa hazina kamera. Kwa wengi, kuwa na ndugu ng'ambo si sifa ya kujivunia kwenye mahojiano. Ni hesabu ngumu inayokuja siku usiyoitarajia.

Swali la nyanya: ukoo wako ni upi?

Tuseme wewe ni chali wa Burumba, Busia ya Kenya. Umekutana na manzi TikTok. Yeye anakaa Sofia, mtaa ulio upande wa Uganda. Kutoka kwako hadi kwake ni boda moja na mstari wa uhamiaji, na tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Mnakula chapati iliyokunjwa na mayai, mnacheka, miezi inapita. Siku anakupeleka kwao, nyanya yake anakuketisha na kuanza: baba yako ni nani? Babu je? Mama yako alitoka nyumba gani?

Unafikiri anapiga stori. Bro, hiyo ni mahakama.

Kwa Waluhya kwa jumla, Wasamia wakiwemo, huoi ukoo wa baba yako, na huoi ukoo wa mama yako. Familia nyingi huongeza hata koo za nyanya zako. Ukoo haujali mpaka. Ukoo ulio Funyula unaweza kuwa na nusu ya watu wake ng'ambo, na wao wanajua hivyo hata kama wewe hujui.

Na hapa ndipo vijana hunaswa. Huku Kenya tumezoea kwamba jina la mwisho ni la baba, kwa hiyo ukiona majina tofauti unadhani familia ni tofauti. Upande wa Uganda ni kawaida watoto wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja kuwa na jina lake la pili alilopewa alipozaliwa. Jina halikuonyeshi chochote. Unaweza kuchati mwaka mzima na binti wa binamu ya baba yako na hakuna siku jina lake litakushtua.

Sheria nayo ina lake la kusema. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inakataza ndoa kati ya ndugu wa karibu, na orodha yake inafika hadi binamu, isipokuwa kwa Waislamu ambao dini yao inaruhusu. Kwa hiyo hata ukiwaambia wazee kwamba mila zimepitwa na wakati, bado kuna kiwango ambacho hata msajili wa ndoa atakukatalia.

Kinachoumiza ni wakati. Swali la nyanya kwa kawaida huja mwisho, wakati moyo ushazama na pengine mtoto yuko njiani. Kama lingeulizwa wiki ya pili, lingekuwa kicheko tu: "Aii, kumbe wewe ni ndugu yangu!" Mwaka wa pili linakuwa kilio. Msichana ndiye hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu tumbo linaonekana na la mvulana halionekani.

Tuseme mmepita mtihani huo, na mahari yakatolewa. Bado kuna jambo la kujua. Kijana wa Kenya anaoa ng'ambo, anapeleka ng'ombe, ndoa inavunjika, halafu anavuka kudai ng'ombe wake. Zamani hiyo ilikuwa stori ya kawaida pande zote. Lakini Agosti 2015 Mahakama ya Juu Zaidi ya Uganda iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Kesi yenyewe ilipelekwa na shirika la Mifumi, lililoanzia Tororo, hapo hapo ukishavuka Malaba. Mahari yenyewe hayakupigwa marufuku. Kilichokatazwa ni kumfanya mwanamke aliyechoka kupigwa abaki kwenye ndoa kwa sababu kwao ng'ombe wameisha na hakuna cha kurudisha.

Kwa hiyo, msee, ng'ombe wakishavuka, wameenda.

Malaba, mji wa trela

Kutoka Busia hadi Malaba ni kama kilomita 30, lakini ni miji miwili yenye tabia tofauti. Busia ni soko: nguo, nyanya, samaki, mahindi, watu wa mikokoteni na wanawake wanaovuka na mizigo kichwani mara kadhaa kwa siku. Malaba ni trela. Mzigo ulioshuka bandarini Mombasa ukielekea Kampala, Kigali ama Juba, sehemu kubwa yake hupitia hapa. Na trela ikisimama, dereva anasimama nayo.

Kabla ya kituo cha pamoja, dereva alihesabu siku za kusubiri. Alihitaji kula, kuoga, kufuliwa na mtu wa kuzungumza naye. Mwaka 2020 wakati wa korona hali ikawa mbaya zaidi: madereva walilazimika kungoja majibu ya vipimo, na foleni ya malori ikanyoosha kilomita nyingi kurudi nyuma. Siku hizi mambo yamerahisishwa. Unayevuka unashughulikiwa mara moja tu, kwenye upande unaoingia. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Uhuru Kenyatta na Museveni tarehe 24 Februari 2018. Foleni bado huwa zinatokea, lakini si zile za kulala wiki.

Sasa, mtu akipita mji mmoja mara mbili kwa mwezi, mwaka baada ya mwaka, mji huo unageuka kuwa kwake. Anapata mahali anapokula kila mara. Anapata mtu. Baadaye kuna nyumba ya kupanga, kuna kodi anayolipa, kuna mtoto anayemwita baba. Wakati huohuo kuna nyumba nyingine Voi, ama Bungoma, ama Jinja, yenye mama mwingine na watoto wengine.

Ni rahisi kumcheka mwanamke wa Malaba kwenye mitandao, na watu wa Nairobi wanalipenda sana hilo. Lakini jiulize, kwani yeye alidanganya nani? Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua. Mwanamume aliyemwambia "mimi niko peke yangu" alimwambia huku akimlipia mtoto karo. Simu ilikuwa inapokelewa. Alikuwa anaonekana mtu.

Halafu njia inabadilika. Kampuni inamhamishia Namanga, ama lori linauzwa, ama mtu anazeeka. Simu inaanza kulia bila kupokelewa, mwishowe haipatikani kabisa. Mtoto ana miaka saba na baba yake amebaki kuwa jina moja, picha moja na namba iliyokufa.

Swali la chifu: wewe ni Mkenya?

Mtoto huyo akifika miaka 18 anaenda kuomba kitambulisho. Hapo ndipo anakutana na swali la pili. Anaulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mpakani watu huuliza kwa jicho kali zaidi, kwa sababu kila mtu anajua wa ng'ambo wanaweza kuongea lugha moja na wa huku na kuwa na sura ileile. Kila uchaguzi ukikaribia utasikia kelele za wapigakura wanaodaiwa kuvushwa. Kwa hiyo kijana mwenye baba asiyejulikana ama baba Mganda anaweza kurudishwa nyumbani mara moja, mara mbili, hadi achoke.

Hapa shika mambo machache, kwa sababu wengi hukata tamaa bila kujua katiba inasema nini.

La kwanza: Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema wewe ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa baba yako au mama yako alikuwa raia wa Kenya. Ni "au". Mmoja anatosha. Na haijalishi ulizaliwa hospitali ya Busia ya Kenya ama ya Uganda. Mama yako akiwa Mkenya, ule uganda wa baba yako hauufuti ukenya wako.

La pili: cheti cha kuzaliwa kisingoje. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita. Baada ya hapo bado inawezekana, lakini unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na hapo makaratasi yanaongezeka. Kama una mdogo wako asiye na cheti, hiyo ni kazi ya wiki hii. Usingoje afike kidato cha nne.

La tatu, na hili wasichana wengi hawalijui: zamani kama hamjaoana, jina la baba halikuwekwa kwenye cheti cha mtoto bila baba mwenyewe kukubali. Mei 2016, Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba, kwa sababu kinambagua mtoto kwa kosa ambalo si lake. Na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Mwanamume akikuambia "sikukuoa, kwa hiyo huna kitu," anakusomea sheria ya enzi ya babu yake.

La nne ni la upande wa pili. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi ama babu na nyanya yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi humo tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa, na Wasamia na Waiteso wamo. Kwa hiyo kuna vijana mpakani ambao kisheria wana njia ya kuwa raia wa nchi zote mbili, na nchi zote mbili zinaruhusu uraia pacha.

Lakini usichukue hilo kama ruhusa ya kutembea na vitambulisho viwili mfukoni kimyakimya. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye uraia pacha atangaze uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu, na kuficha ni kosa. Uganda nayo ina utaratibu wake wa kuomba. Kuna wanaofanya njia ya mkato, kitambulisho cha huku kwa kazi na cha kule kwa shamba, na kwa miaka mingi hakuna shida. Shida huja siku unaomba kazi ya serikali ama mkopo mkubwa, majina mawili yanapokutana.

Na wewe uliyeolewa ama uliyeoa kutoka ng'ambo, ndoa peke yake haikupi uraia siku ya harusi. Kifungu cha 15 kinataka muwe mmeoana miaka saba ndipo uombe kusajiliwa. Miaka saba hiyo utaihesabuje kama hamna cheti cha ndoa? Ndoa ya kimila inatambuliwa Kenya, na inaweza kusajiliwa. Wengi mpakani wana picha za sherehe, wana mashahidi, wana hata watoto watano, lakini hawana karatasi. Picha haina muhuri.

Swali la matanga: wewe ni mtoto wa nani?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu anayeweza kulijibu ashaenda.

Mzee amefariki. Habari inapita WhatsApp kabla ya familia kukaa chini. Mke wa huku anapanga mazishi. Siku ya pili inasimama gari yenye namba za Uganda, anashuka mama akiwa na vijana watatu. Mmoja wao amefanana na marehemu hadi watu wananyamaza. Hakuna anayehitaji kuelezwa. Lakini kila mtu anaanza kuhesabu: shamba ni ekari ngapi? Nyumba ya mjini ina vyumba vingapi vya kupangisha?

Ugomvi wa kwanza huwa kuhusu mwili. Azikwe wapi, na nani arushe udongo wa kwanza? Kama alifia ng'ambo kuna makaratasi ya kuuvusha mwili, na makaratasi hayo yanahitaji mtu anayetambulika kuwa wa familia. Watu wazima wanaweza kugombana mochari siku tano, watoto wakitazama.

Ugomvi wa pili ni mali, na huu huwa wa kimya zaidi. Ili mali ya marehemu igawanywe Kenya, familia hupeleka mahakamani barua ya chifu inayoorodhesha walioachwa: wake na watoto. Barua hiyo ni karatasi moja tu, lakini jina lako likikosekana hapo, kila kitu kinaanza kukupita. Tangazo linawekwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya na kuna siku 30 za kupinga. Ni nani Sofia ama Tororo anasoma Gazeti Rasmi la Kenya? Siku zinapita na yeye hana habari.

Sheria yenyewe haijamtupa mtoto wa nyumba ya pili. Sheria ya Urithi ya Kenya inawatambua watoto wa marehemu kuwa tegemezi wake, iwe alikuwa anawalisha kabla ya kufa ama hapana, na mtoto aliyeachwa nje anaweza kwenda mahakamani kudai fungu lake. Lakini lazima aende kabla ya mahakama kuthibitisha ugawaji. Na shamba lililo Kenya linafuata sheria ya Kenya hata kama mwenyewe aliishi maisha yake yote Uganda. Lililo Uganda linafuata ya kule. Kwa hiyo familia moja inaweza kujikuta na kesi mbili kwenye nchi mbili kuhusu mzee mmoja aliyekuwa akisema mambo yake yako sawa.

Wa nyumba ya kwanza pia usiwahukumu haraka. Fikiria mama aliyelima shamba hilo miaka 30, akauza mahindi, akalipa mkopo. Leo anaambiwa kuna fungu la watu ambao hajawahi kuwaona. Hasira yake ina sababu. Watoto waliovuka nao wana haki. Aliyewagonganisha ni yule aliyelala kwenye jeneza, na hawezi tena kuulizwa.

Sisi tufanye nini?

Wazee wetu walizoea kunyamaza. Ukiuliza unaambiwa hayo ni mambo ya watu wazima. Lakini matokeo ya ukimya huo yanatuangukia sisi: ni sisi tunaopenda ndugu zetu bila kujua, ni sisi tunaorudishwa na chifu, na ni sisi tunaorithi kesi.

Kwa hiyo ukienda ushago likizo ijayo, usiende kula kuku tu. Kaa na nyanya, ama na senge yako, dada ya baba, maana yeye ndiye hujua siri za ukoo. Muulize koo nne: ya baba, ya mama, na za nyanya zako wawili. Muulize ni nani wako ng'ambo, na wanaitwa nani. Andika kwenye simu. Ukikutana na mtu wa upande huo ukaanza kumpenda, mwonyeshe hiyo orodha mapema, hata kama atakuona mshamba. Heri ushamba wa wiki ya pili.

Kama baba yako ana watoto wengine, na moyoni unajua, watafute akiwa hai. Si lazima mpendane mara moja. Salamu tu inatosha kuanzia, na namba ya simu. Siku ya matanga itakapofika, mtakuwa angalau mnajuana majina, na barua ya chifu haitaandikwa gizani.

Na kama wewe ndiye baba kijana mwenye mtoto upande wa pili, wacha kujificha nyuma ya mpaka. Weka jina lako kwenye cheti chake. Kuvuka ni kitambulisho na dakika chache. Mtoto wako hana kitambulisho bado, kwa hiyo wewe ndiye wa kuvuka.